Winga hafungi tena, flanka hana trai: tuzo ya mchezaji bora apewe nani?

"Assalaam alaykum kocha. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa timu ya raga ya vijana hapa Malindi. Zaidi tunacheza saba kila upande, na mara mojamoja kumi na tano tukialikwa Mombasa. Mwaka jana winga wetu, mkimbiaji wa pembeni, kijana wa miaka 22, alifunga trai (kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani) kuwashinda wote, tukampa tuzo ya mchezaji bora. Mwaka huu hafungi. Tulipocheza Mombasa alipigwa goti la kichwa, akakaa chini kidogo, akapewa maji, akaendelea. Tangu siku hizo namwona mzito. Wengine wanasema tuzo imemlevya. Wengine wanamlaumu kocha mpya kwa kumchezesha senta, beki wa katikati, kwenye kumi na tano. Mama yake anasema ni jicho la watu. Sasa msimu unafungwa na lazima tumchague mchezaji bora. Nusu yetu wanamtaka flanka, mtu wa mbele wa kukaba na kuiba mpira, ambaye trai zake hazifiki tatu, tena alipewa kadi nyekundu mara moja kwa kumkaba mtu juu ya mabega. Nusu wanasema tuzo bila trai ni mzaha. Na wako wanaotaka winga apewe tena ili apate moyo. Barazani maneno hayaishi. Je, kijana ameshuka kweli? Nafasi yake hasa ni ipi? Na mchezaji bora huchaguliwa vipi kwa haki?"

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Maswali yako ni matatu na nitayajibu yote, ila si kwa mpango ulioyaweka. Katikati ya barua umelitaja jambo moja kwa maneno machache, nalo kwangu ni zito kuliko tuzo na nafasi zote: goti la kichwa, maji, akaendelea. Tuanze hapo.

Viwanjani kwetu bado watu wanaamini kwamba asiyezimia hakuumia kichwa. Si kweli. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Kichwa kikisimamishwa au kikizungushwa ghafla, ubongo wenyewe huendelea kusogea, seli zake zikavutwa na kutikiswa, na kwa muda zikashindwa kufanya kazi sawasawa. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na wengi wanaoupata hawapotezi fahamu hata kidogo. Picha ya hospitali inaweza kutoka safi na mtu bado akawa nao, kwa sababu kilichoharibika ni utendaji, si mfupa uliopasuka wala damu iliyovuja. Zile kofia laini za raga nazo zinapunguza michubuko na kuchanika ngozi, lakini ubongo kutikisika haziuzuii.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kutopenda mwanga na kelele, kusahau, usingizi kuvurugika, hasira zisizo na sababu, na hili ambalo ndilo linalokuhusu zaidi: kuchelewa kuamua. Mchezaji akichelewa nusu sekunde tu kuiona nafasi, walio pembeni ya uwanja humwona mzito, mvivu, mwenye kuringa. Sisemi ndivyo ilivyo kwa kijana wako, mtu hapimwi kwa barua. Nasema hili ndilo la kwanza kuliondolea shaka, na mpaka liondoke, mjadala wa fomu yake, yaani kama ameshuka au la, usimame.

Kanuni ya raga ya ridhaa duniani kote ni moja: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko hutolewa mara moja na harudi uwanjani siku ile, hata akiapa kwamba yuko sawa. Tena akiapa ndipo mumtilie shaka zaidi, maana anayetumia ubongo kujipima ni yuleyule ambaye ubongo wake umetikisika. Kwenye mechi kubwa yupo daktari wa kumpima pembeni. Sisi tunaocheza kiwanja cha Alaskan na viwanja vya shule hatunaye, kwa hiyo shaka peke yake inatosha. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa unataka zipite angalau siku 21 kabla mtu hajarudi kwenye mashindano, na ndani ya siku hizo anapanda ngazi kwa ngazi: kupumzika kidogo, kutembea, kukimbia taratibu, mazoezi ya pasi bila kugongana, na kugongana mwisho kabisa, akiwa hana dalili tena. Dalili ikirudi, anashuka ngazi moja. Sababu ya ukali huu ni kwamba pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuleta madhara makubwa mno, na kwa vijana limewahi kuua.

Kwa hiyo asiguse mazoezi ya kugongana kwanza. Mpelekeni hospitali ya Malindi, aende na mtu aliyeliona lile goti kwa macho, kwa sababu mwenyewe huenda hakumbuki vizuri. Daktari akiona haja, atamwandikia kwenda hospitali kuu ya Pwani, Mombasa. Na mkimwona anatapika zaidi ya mara moja, kichwa kinazidi kumuuma, anasinzia ovyo, anaona vitu viwiliviwili, mkono au mguu umelegea, au amepata kifafa, hapo hakuna kungoja kesho. Mama yake msibishane naye. Dua haimzuii mtu kwenda kwa daktari, na mama aliyesikilizwa atakuwa wa kwanza kumshika mkono mwanawe kumpeleka.

Tuseme sasa daktari amemwona na kasema hana kitu. Turudi kwenye fomu.

Tuhuma kwamba tuzo imemlevya siikubali kirahisi. Wachezaji wanaolewa sifa wapo, lakini ulevi huo unaonekana mazoezini kabla haujaonekana kwenye mechi: anachelewa kuja, anakata mbio za mwisho, anamlaumu mpasiaji. Hukuniandikia hata moja kati ya hayo. Ulichoniandikia ni kwamba hafungi, na trai ya winga ni kitu ambacho winga mwenyewe anakimiliki kwa sehemu ndogo tu.

Tazama raga ya saba inavyokwenda. Kipindi ni dakika 7, viwili 14. Kiwanja ni kilekile cha watu 15, upana wake hufika mita 70. Na kuna sheria moja ambayo mashabiki wengi hawaitilii maanani: kwenye saba, timu iliyofunga ndiyo inayopiga mpira wa kuanzia tena, kinyume cha kumi na tano ambako hupiga iliyofungwa. Maana yake, ukifunga unawapa wapinzani mpira. Wakiudaka wakatulia nao dakika mbili, winga wako ataumaliza muda huo akikimbia pembeni mikono mitupu. Ndiyo maana anayeruka na kuupokonya mpira wa kuanzia angani, au anayeuiba chini baada ya mtu kuangushwa, ndiye anayeamua winga atakimbia mara ngapi. Mnyororo unaanza kwake, unapita kwa skramu-hafu, anayeutoa mpira kwa watu wa mbele kuupeleka nyuma, na senta, na winga yuko mwishoni. Pete moja ikikatika huku nyuma, lawama huangukia mwishoni kule ambako macho ya watu yapo.

Basi kabla ya kusema ameshuka, jiulizeni nini kimebadilika katika mnyororo. Skramu-hafu wa mwaka jana bado yupo? Timu pinzani zimeshamjua? Winga aliyefunga sana mwaka mzima huwekewa mtu wa kumkaba mapema, na hapo nafasi inafunguka kwa senta, si kwake. Akimvuta mkabaji na mwenzake akafunga, jedwali la trai halimwandiki, lakini kazi kaifanya. Na msisahau upepo. Mechi za nyumbani mlizocheza wakati wa kusi zina upande mmoja wa uwanja ambao pasi ndefu haifiki vizuri na mpira wa kuanzia unapinda. Winga anayesimama upande huo anaweza kushinda na njaa bila kosa lolote.

Kuna na jambo jingine ambalo watu hawalipendi kwa sababu halina wa kulaumiwa. Mwaka ambao kila kitu kilimnyookea, mpira ukadunda upande wake, mabeki wakateleza, mwaka huo una sehemu ya bahati ndani yake. Mwaka unaofuata hurudi kawaida, na kawaida ikiwekwa kando ya neema huonekana kama maafa. Mchezaji ni yuleyule.

Chukua simu moja, mtu akae juu kidogo, arekodi mechi mbili nzima bila kuufuata mpira pekee. Halafu mkae na kuhesabu: amepokea mpira mara ngapi akiwa na nafasi mbele yake? Katika hizo, amempita mtu mara ngapi? Bila mpira, ameikimbilia mara ngapi njia ya kumsaidia mwenzake? Ameangusha wangapi, wangapi wamemponyoka? Mkikuta mwaka jana alikuwa akipata mipira mingi yenye nafasi na sasa anapata michache, tatizo ni la timu. Mkikuta mipira ni ileile ila hampiti mtu, hapo ndipo mseme fomu, na swali la kwanza liwe mwili wake: paja la nyuma, kifundo cha mguu, usingizi, kazi anayofanya mchana. Kijana anayebeba mizigo sokoni tangu alfajiri hawezi kuwa na miguu ya mwaka jana jioni.

Na tukirudi kwenye ule mnyororo, hebu tumkumbuke Collins Injera, mfungaji wa Kenya wa raga ya saba. Alimaliza safari yake ya mfululizo wa mashindano ya dunia ya saba akiwa na trai 279. Mwaka 2016 aliivuka rekodi ya trai 230 ya Santiago Gómez Cora wa Argentina, na mwaka uliofuata Dan Norton wa Uingereza naye akampita. Barazani kwenu jina lake kila mtu analijua. Lakini waulize ni nani waliokuwa wakipigana mbele ili mpira ufike kwake, uone watakaomtaja nduguye wa tumbo moja, Humphrey Kayange, ni wangapi. Na ile Aprili 2016 Kenya ilipoifunga Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore, nahodha alikuwa Andrew Amonde, mtu wa mbele, chini ya kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu. Mawinga walikimbia siku ile kwa sababu mpira uliletwa.

Sasa nafasi. Kwanza nisahihishe kitu kidogo: kwenye saba hakuna flanka. Watu wa mbele ni watatu tu, mapropu wawili na huka, na skramu, pale watu wa mbele wanapofungamana na kusukumana, ni watatu kwa watatu. Nadhani huyu mnayemwita flanka ni flanka mkicheza kumi na tano, na kwenye saba husimama propu. Nalisema kwa sababu nusu ya ubishi wenu unatoka hapo. Mnampima mtu mmoja kwa michezo miwili yenye kazi tofauti, na winga ni hivyo hivyo.

Winga wa saba amezoea kubaki yeye na beki mmoja, nafasi pana, uamuzi mmoja: ndani au nje. Kwenye kumi na tano winga hukaa muda mrefu bila kugusa mpira. Kazi yake nyingine, ambayo kwenye saba ni ndogo, ni kurudi nyuma kumsaidia fulbeki, beki wa mwisho, kudaka mipira mirefu inayopigwa juu, kisha kupanda tena mbele mpira ukisogezwa upande wake. Hilo linafundishika. Senta ni habari nyingine. Namba 12, senta wa ndani, anagongana karibu kila mara anapoupata mpira. Namba 13, senta wa nje, anakaba sehemu ngumu kuliko zote uwanjani, pale ambapo kuna nafasi nyingi nje yake na watu wanamjia kwa kasi kwa pembe. Akipanda mapema anapitwa kwa pasi moja, akingoja anazungukwa. Ni kazi ya kuamua haraka kuliko ya mbio. Kijana anayeshukiwa kichwa chake hakijatulia, namba 13 ndiyo nafasi ya mwisho ningemweka.

Kocha wenu hana lazima awe amekosea, lakini. Kubadilishwa nafasi kumewatengeneza wengi. Pieter-Steph du Toit aliingia timu ya taifa ya Afrika Kusini akiwa loki, mtu wa safu ya pili ya skramu, akahamishiwa flanka, na ni kwenye hiyo flanka alipotwaa tuzo ya mchezaji bora wa dunia mwaka 2019 na tena 2024. Cheslin Kolbe, mtu mwenye kimo cha kama mita 1.71, aliambiwa na wengi kwamba ni mdogo mno. Alipata shaba ya saba kwenye Olimpiki ya Rio 2016, akacheza winga na fulbeki huko Ufaransa, akabeba Kombe la Dunia 2019 na 2023. Na Antoine Dupont, skramu-hafu wa kumi na tano, aliingia saba na kutwaa dhahabu ya Paris 2024 Ufaransa ilipoifunga Fiji 28–7, naye akiingia fainali hiyo kutoka benchi. Mwaka uleule akawa mchezaji bora wa dunia wa saba. Ila kabla ya kumtolea mfano barazani, kumbukeni kwamba yule bwana aliyaacha mashindano ya Mataifa Sita ya 2024 ili ajifunze saba. Kama aliye bora duniani alihitaji miezi ya kujifunza, kijana wa Malindi hawezi kuambiwa kwenye basi, mkivuka daraja la Nyali, kwamba leo ni senta.

Maoni yangu, kwa niliyosoma: kwenye saba abaki winga. Kwenye kumi na tano ajaribiwe winga au fulbeki kwanza, ambako mbio zake na macho yake yanalipa hata kabla hajajua kukaba kama senta. Kocha akishikilia senta, sawa, ana haki hiyo, lakini amfundishe mazoezini wiki kadhaa, amweke kando ya namba 12 mwenye uzoefu na mwenye mdomo, anayempigia kelele wapi pa kusimama. Na mwenyewe aulizwe. Mara nyingi mchezaji anajua anapokosa raha uwanjani kabla kocha hajajua.

Hapo sasa ndipo tuzo inapoingia, na makundi yenu matatu.

Wanaosema tuzo bila trai ni mzaha, waambie waitazame fainali ya Kombe la Dunia ya 2023 kule Paris. Afrika Kusini iliifunga New Zealand 12–11, na alama zake zote 12 zilitoka kwenye penalti nne za Handré Pollard. Haikufunga trai hata moja. Trai pekee ya mechi ilikuwa ya Beauden Barrett, wa timu iliyoshindwa. Mchezaji bora wa fainali alikuwa nani? Du Toit, kwa kukaba watu mara 28. Kesho yake ikatolewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, ikaenda kwa Ardie Savea wa New Zealand, waliofungwa usiku uliotangulia. Watu walishangaa, lakini mantiki ipo: tuzo ya mechi inahesabu dakika 80, ya mwaka inahesabu mwaka. Ninyi mnazichanganya hizo mbili, ndiyo sababu mmoja anataja trai ya fainali na mwingine anataja kazi ya msimu, kila mmoja akidhani mwenzake ni kipofu.

Tangu tuzo hiyo ya dunia ianze mwaka 2001, mawinga walioipata ni wawili tu, wakifuatana: Bryan Habana 2007 na Shane Williams 2008. Flanka Richie McCaw peke yake kaipata mara 3. Loki Brodie Retallick aliipata 2014, flanka Josh van der Flier 2022. Kwa hiyo flanka wenu hataweka historia yoyote.

Lakini nisiwafurahishe mno wa upande huo. Majaji nao wana macho ya watu. Propu hajawahi kuipata tuzo ile hata mara moja, na hakuna timu iliyowahi kushinda kitu bila propu. Kwenye taarab mwimbaji ndiye anayetuzwa, noti zikibandikwa hadi kipajini, na mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi, aliyeushika wimbo tangu mwanzo hafuatwi na mtu. Flanka mzuri angalau anaonekana anapoiba mpira. Kabla hamjampa yeye, jiulizeni kama hakuna wa tatu ambaye hamkumtaja kabisa katika ubishi wenu, yule anayeshika skramu, anayesafisha raki, ule msongamano wa watu juu ya mpira uliolala chini, na kunyanyuka kabla hajatajwa jina.

Kundi la tatu, la kumpa winga ili apate moyo, nalielewa nia yake na silikubali. Atajua. Wenzake watajua kabla yake. Kijana aliyepewa kombe asilolistahili hulibeba nyumbani akiwa mnyonge zaidi, na mwaka ujao tuzo hiyo haitamtia mtu yeyote hamu. Moyo mpeni kwa njia nyingine: mtu akae naye, ashughulikiwe kichwa chake, aonyeshwe kwenye simu zile mbio alizokimbia akamvuta mkabaji na mwenzake akafunga.

Namna ya kuchagua, ningefanya hivi. Tuzo ya trai nyingi iwe peke yake, inahesabika, haina ubishi, atakayeipata aipate. Mchezaji bora awe mwingine, na kigezo kiandikwe mbele ya wote kabla ya kutaja jina la mtu: nani aliifanya kazi ya nafasi yake vizuri kuliko wengine walivyofanya ya kwao, mechi nyingi kuliko wote? Kura wapige wachezaji wenyewe, kwa siri, kila mmoja majina matatu, wa kwanza alama 3, wa pili 2, wa tatu 1, na hakuna kujipigia. Wasimamizi msipige. Mko wa mitaa miwili mitatu, na mcheza kwao hutunzwa: wa Shella watampigia wa Shella, wa Maweni wa kwao. Mchezaji aliyelala chini ya raki akaokolewa na mwenzake anamjua aliyemwokoa hata kama anatoka Watamu.

Njia hii ina kasoro yake. Mcheshi, anayependwa kwenye basi, hupata alama asizostahili, na aliyeumia katikati ya msimu husahauliwa. Kuipunguza, pigieni simu makapteni wa timu mlizocheza nazo, swali moja tu: kati ya watu wetu, ni nani usingependa kukutana naye tena? Majibu yao yahesabiwe kama kura za kawaida. Mpinzani hana mtaa kwenu, na mbavu zake zina kumbukumbu nzuri. Mwakani anzeni kukusanya kura hizi baada ya kila mechi, msingoje mwisho, kwa sababu mwisho wa msimu watu hukumbuka mechi mbili za karibu tu.

Kwa maelezo yako, kura yangu ingekuwa ya flanka, kama zile video mbili hazitanikanusha. Winga aambiwe faraghani na mapema, asiyasikie majina kwa mara ya kwanza mbele ya wazazi na wageni.

Imebaki kadi nyekundu, maana najua mpinzani mmoja pale barazani atasubiri kila kitu kiishe kisha aitoe. Kadi haimfungii mtu mlango wa tuzo. Sam Cane, nahodha wa New Zealand, alitolewa kwa nyekundu kwenye ileile fainali ya 2023, kosa lilelile la kukaba juu, na hakuna aliyefuta miaka yake kwa hiyo. Muhimu ni kadi ya namna gani. Mtu aliyepiga ngumi kwa makusudi ningemwondoa moja kwa moja. Aliyekaba juu kwa kuchelewa kuinama, mechi alizokosa kwa adhabu zimeshampunguzia alama zenyewe, msimkate mara mbili.

Ila kosa hilo lirekebishwe kabla ya msimu mpya, tuzo au bila tuzo. Mkabaji anayesimama wima humpiga mwenzake usoni, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye kichwa chake kinachoumia. Afundishwe kuanza chini mapema: hatua fupi mbili za mwisho, magoti yamekunjwa, macho kwenye kiuno cha mwenye mpira, bega liingie na kichwa kikae upande wa nyuma wa makalio yake, kisiwekwe mbele ya magoti. Aanze taratibu na mfuko wa mazoezi, halafu na mtu anayetembea, halafu anayekimbia. Mkiona msimu mpya umeanza na refa bado anamwonya kwa kitu hichohicho, mwekeni benchi mechi moja, hata kombe likiwa bado linang'aa kabatini kwao.